Mtoto wa Alama Tisini na Moja

Bi Mitamba hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Jina hilo alibandikwa na wafugaji, maana kazi yake ilikuwa kuzunguka mazizini akihimilisha ng'ombe. Alibeba mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za fahali zilizogandishwa, akavaa glavu inayofika begani, akaingiza mkono mahali ambapo wengi hawapendi hata kupatazama. Aliwahi kumwagiwa mavi ya moto kifuani na akaendelea na kazi huku akimbembeleza ng'ombe kwa maneno matamu. Siku nyingine alitoa kondo la nyuma lililoozea tumboni. Mwenye ng'ombe alikimbilia nyuma ya banda kutapika, na yeye akanawa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai yake yote.

"Uchafu wa mnyama hutoka kwa sabuni," alizoea kusema.

Mumewe alikuwa wakala wa bima, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Hakumruhusu mkewe akae sebuleni kabla ya kuoga. Wifi yake, yaani dada mdogo wa mume, alilicheka sana jambo hilo. "Kaka yangu ameoa," alisema, "ila mapenzi yake yanaanzia bafuni."

Wifi huyo alikuwa fundi cherehani, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikizidi, au akichoka, mifupa ilimuuma kama inasagwa. Hapo aliondoa mguu kwenye cherehani, akaingiza kipande cha kitambaa mdomoni, akauma mpaka wimbi lipite. Kisha alikitoa, akakikung'uta na kuuliza, "Tulikuwa tunasema nini?" Wateja wapya waliogopa. Wa zamani walimsubiri tu.

Ugonjwa huohuo ndio uliomchukua binti wa kwanza wa Bi Mitamba, akiwa bado hajaanza shule. Hospitali ndiyo iliyowaeleza mume na mke kwamba kila mmoja wao ana jeni moja yenye kasoro. Wao wenyewe walikuwa wazima kama kigongo, lakini katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne ilikuwa ya kuzaa mtoto mgonjwa. Baada ya mazishi, Bi Mitamba hakutaka hata kusikia neno mimba. Alihimilisha ng'ombe wa watu, akarudi nyumbani na kumpa mumewe mgongo.

Miaka ikapita. Ndipo ikafunguliwa kliniki iliyosemekana inaweza kusoma vinasaba vya kiinitete kabla hakijapandikizwa kwa mama. Wanachukua yai na mbegu, wanavikutanisha maabara, wanachota chembe chache na kuzisoma jeni zake zote kama mtu anavyosoma kitabu. Kiinitete chenye ugonjwa hakipandikizwi. Bi Mitamba aliposikia hayo alikaa chini. Aliielewa kazi hiyo kuliko wengi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliruhusu moyo wake utamani.

Mama mkwe ndiye aliyeuza kiwanja ili jambo liwezekane. Kwa hiyo mama mkwe naye akawa na kiti kwenye kila kikao.

Bi Mitamba alivumilia sindano za tumboni, akavimba, akavunwa mayai. Kisha wote wanne wakaitwa kusikiliza majibu: yeye, mumewe, mama mkwe, na wifi aliyekuja kumshika mkono tu.

Chumba cha mshauri kilikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na marashi ya maua yaliyozidi kipimo. Mshauri alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti laini kama mafuta ya kujipaka. Kwenye skrini ukutani zilitokea picha tano za viduara vya kijivu, kama mapovu ya sabuni.

"Hongereni," alisema. "Kati ya vitano, vitatu havina ugonjwa kabisa."

Bi Mitamba alilia. Wifi akambana mkono, naye akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Laiti mambo yangeishia hapo.

"Sasa tuje kwenye sehemu tamu," alisema mshauri, akabonyeza. Chini ya kila kiduara kati ya vile vitatu ikashuka safu ya namba za rangi: uwezo wa masomo, urefu, uzito, utulivu wa tabia, ngozi. Chini kabisa palikuwa na jumla, na chini ya jumla maandishi madogo mno yasiyosomeka kutoka kwenye viti. "Namba Mbili ana sitini na nane. Namba Tatu ana sabini na tano. Na huyu bingwa wetu, Namba Nne, ana tisini na moja."

Mume alisogea mbele mpaka kiti kikalia. "Tisini na moja kati ya mia?"

"Kati ya mia, mzee."

"Huo uwezo wa masomo unapimwaje? Yaani anaweza kuwa daktari?"

"Hatuwezi kuahidi," alisema mshauri, na tabasamu lake likaahidi.

Mama mkwe alivaa miwani. "Na ngozi? Mweupe ni yupi?"

"Namba Nne huyohuyo, mama. Ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ngozi angavu."

"Ngozi angavu," alirudia mama mkwe taratibu, akiionja kama mtu anayeonja mchuzi.

Bi Mitamba alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale mate mepesi ya chumvi yanayotangulia kutapika. Safu zile alikuwa akizijua. Katika mkoba uliokuwa miguuni pake mlikuwa na kitabu cha fahali, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amekifungua juu ya ukuta wa zizi la mfugaji mmoja: huyu maziwa mengi, huyu kwato imara, huyu mtulivu hapigi teke. Hata rangi zilikuwa zilezile, kijani kwa kizuri na nyekundu kwa kibaya. Kwa ng'ombe hakuona tatizo, maana ng'ombe alifugwa kwa maziwa. Sasa alimtazama mumewe akipitisha kidole hewani kutoka safu hadi safu, midomo ikichezacheza kwa hesabu, akamwona mfugaji.

"Na wale wawili?" aliuliza wifi ghafla.

"Wepi, dada?"

"Picha ziko tano. Umesema watatu."

"Aa, wenye ugonjwa." Mshauri aliongea bila kugeuka. "Wale hatuwahesabu. Huteketezwa na taka nyingine za maabara."

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Jamani, dunia imeendelea. Enzi zetu ulipokea tu ulichopewa. Lau mimi ningekuwa na kipimo hiki..." Akakatiza.

"Malizia, mama," alisema wifi.

"Nimalizie nini?"

"Ulichokuwa unasema."

Kiyoyozi kilinguruma. Mshauri alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa nasema mateso, mwanangu. Ningekuepushia mateso."

"Kwa kuniepuka mwenyewe," alisema wifi. Akainuka, akachukua pochi yake, akatoka.

Bi Mitamba alimfuata. Alimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta kando ya bango lenye picha ya mtoto mnene anayecheka.

"Mama hakukusudia," alisema Bi Mitamba.

"Amekusudia. Na wewe, wifi? Ungenitupa?"

Bi Mitamba alifungua mdomo. Alimkumbuka binti yake akiuma ukingo wa shuka, akakosa uongo wa kusema.

"Usijibu," wifi alimwahi. "Yakinianza maumivu, hata mimi naomba nisingezaliwa. Yakiisha, naomba chai. Ugonjwa huu nautemea mate, wifi. Kama kuna dawa ya kuufuta duniani, waufute hata kesho. Lakini yule kijana pale ndani anatafuta mwenye ngozi angavu. Ngozi angavu inamuuma nani?"

Jioni hiyo Bi Mitamba alimwambia mumewe neno moja. "Mwambie daktari apandikize yeyote kati ya wale watatu wazima. Asituambie ni yupi."

"Lakini mke wangu, kuna ubaya gani kumtakia mtoto mema?"

"Huyo siyo mtoto unayemtakia mema. Huyo ni mtamba unamnunua mnadani."

"Kazi yako imekuharibu akili."

"Labda. Niahidi."

Mume alivua saa, akaiweka mezani, akaivaa tena. "Sawa," alisema. "Nimekubali. Yeyote."

Kiinitete kilipandikizwa, na mimba ikashika. Ilikuwa mimba njema. Bi Mitamba aliendelea na mazizi mpaka tumbo lilipomzuia kupita kwenye vizuizi vya mbao, na wafugaji wakamtania kwamba sasa na yeye wamwandalie pumba. Wifi alishona nguo ndogo ndogo kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Mumewe alikuwa mwema kupita kawaida. Alimletea matunda, alimkanda miguu, na hata alimruhusu kukaa sebuleni kabla ya kuoga. Bi Mitamba alijilaumu kwamba alimfikiria vibaya.

Kisha ofisi ya mume ikafanya tafrija ya kufunga mwaka, na wake na waume wakaalikwa. Chakula kilikuwa kwenye meza ndefu: kuku wa kukaanga, vitafunio, soda. Meneja, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alimjia mikono ikiwa wazi.

"Ndiye huyu! Ndiye aliyembeba mia kasoro tisa!"

Bi Mitamba alidhani amesikia vibaya. "Samahani?"

"Tisini na moja! Mumeo ametuonyesha. Wanangu mimi ukiwajumlisha wote wanne hawafiki hapo." Waliokuwa karibu wakacheka. Mfanyakazi mwingine, paja la kuku likiwa mkono wa kushoto, alitoa simu na kuinyoosha mbele yake. Kwenye kioo kulikuwa na kile kiduara cha kijivu na safu zake za kijani. Yule bwana alikikuza kwa vidole, na vidole vikaacha mafuta ya kuku juu ya picha, utelezi mrefu wa njano uliokatiza katikati ya mwanawe.

"Angalia hapa," alisema huku anatafuna. "Urefu peke yake! Huyu akicheza mpira..."

Mikono ya Bi Mitamba ilikuwa imetoa minyoo kwenye matumbo ya ndama. Yeye hakuwahi kutapika. Alitazama huku na huku, hakuona mlango, akainama juu ya chungu cha maua kilichokuwa karibu na kutapika kila alichokuwa amekula.

"Mimba hizo," alisema meneja kwa upole. "Mleteeni maji."

Garini, geti la nyumbani lilipoonekana, alimgeukia mumewe.

"Simamisha," alisema Bi Mitamba.

Mume akasimamisha.

"Uliwapigia simu lini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto."

Alizima injini. "Siku moja kabla ya kupandikiza. Niliwaambia tu, kama haidhuru, basi awe Namba Nne. Mmoja kati ya watatu ilikuwa lazima achaguliwe. Nimemuua nani?"

"Tulikubaliana tusijue."

"Tulikubaliana wewe usijue. Wewe ndiye uliyekuwa hutaki kujua." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anamsomea mteja kipengele cha mkataba. Halafu akaweka mkono juu ya tumbo lake.

Bi Mitamba aliutazama mkono ule, safi, kucha zimekatwa vizuri, harufu ya sabuni. Hakuwahi kuguswa na kitu kichafu kama huo. Aliuondoa kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyotoa kupe.

Mtoto alizaliwa salama. Alikuwa wa kike, mdogo wa umbo, mweusi tititi kama bibi yake mzaa mama, na mapafu ya mpiga debe. Damu yake ilipimwa. Hakuwa na selimundu. Bi Mitamba alimlaza kifuani, akamnusa utosi, na kwa muda akasahau kwamba dunia ina watu wengine.

Kisha mama mkwe akaja. Alinawa mikono, akampokea mtoto, akampeleka dirishani penye mwanga. Hakumtazama usoni. Alikunja sikio la mtoto kwanza, akachungulia nyuma yake. Akachukua kidole kidogo, akaangalia mzizi wa ukucha.

"Atatakata baadaye," alisema mume, akiwa kama anaomba radhi.

"Masikio hayadanganyi." Mama mkwe alimpima kwa kiganja kutoka kisigino mpaka kisogoni. "Na mfupi. Ndiyo Namba Nne huyu? Hapana. Wale wametuchanganyia." Alimrudisha mtoto kitandani, akashusha pumzi. "Basi, si haba. Wengine bado wapo kwenye friji."

Bi Mitamba alisikia nyongo ikimpanda mpaka kwenye ulimi. Alimvuta mtoto kifuani. Alijua akifungua mdomo, kitakachotoka hakitakuwa maneno.

Majuma machache baadaye, akiwa bafuni, alimsikia mtoto. Haikuwa sauti ya njaa wala ya kulowana. Ilikuwa ya kupaliwa. Alitoka na khanga moja, povu shingoni. Sebuleni, mumewe alikuwa amempakata mtoto na kumbana mashavu kwa vidole mpaka mdomo umekuwa duara. Mama mkwe alikuwa amemwinamia, miwani imeshuka puani, akimsugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Mtoto alikuwa mwekundu wa macho, anakokomoa. Mate yalikuwa yakimtiririka hadi kifuani, na mama mkwe alikuwa akizungusha kijiti kama anayesafisha chupa.

"Mnafanya nini?"

"Kipimo kidogo tu," alisema mume haraka. "Kliniki imekubali kulinganisha. Tunataka uhakika."

"Uhakika wa nini? Ni mtoto wako."

"Sijasema si wangu. Nasema inawezekana si *yule*."

"Si yule," alirudia Bi Mitamba.

"Mwanangu, elewa," alisema mama mkwe, akikitumbukiza kijiti kwenye kichupa na kukaza kifuniko. "Mimi nimeuza kiwanja. Mtu ukinunua kitambaa cha hariri ukapewa kaniki, si unarudi dukani?"

Bi Mitamba alimchukua mtoto. Alimfuta mdomo kwa ncha ya khanga, ndani ya shavu, chini ya ulimi, kila mahali kijiti kilipopita. Alifuta taratibu mpaka mtoto alipoacha kukokomoa.

"Nimeshika mavi maisha yangu yote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi wanyamaze ili wamsikie. "Nimeshika usaha. Nimeingiza mkono kwenye mnyama aliyekufa nikatoa ndama aliyekufa. Sijawahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama nyinyi wawili mlivyokaa hapo."

"Usimtukane mama yangu," alisema mume.

"Nimewatukana wote. Wewe nimekuanza."

Alivaa, akafunga nguo za mtoto kwenye shuka, akaondoka. Hakwenda mbali. Wifi alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka lake la kushona. Alipofungua mlango na kuona shuka limefungwa, hakuuliza.

"Ingia," alisema. "Ila hapa mtu haogi kwanza. Anakula kwanza."

Majibu ya kile kijiti yalitoka, na mume mwenyewe alikuja kuyasema, amesimama katikati ya vipande vya vitambaa kama mtu aliyepotea njia. Mtoto alikuwa Namba Nne. Hapakuwa na makosa. Mshauri alikuwa amewakumbusha wasome maandishi ya chini: alama zile ni makadirio, zimekokotolewa kutokana na watu wa nchi nyingine, na jeni za ngozi na urefu ni nyingi mno. Aliwaomba radhi kwa usumbufu. Aliwaahidi punguzo kwenye mimba inayofuata.

"Kwa hiyo ni yeye," alimaliza mume. "Tunaweza kurudi nyumbani sasa."

Wifi aliyekuwa akipima mkono wa nguo aliacha utepe uanguke. "Kaka," alisema, "umesikia ulichosema?"

"Nimesema warudi nyumbani."

"Umesema *sasa*."

Mume alitazama mkewe, akatazama dada yake. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kweli hakuelewa, na hilo ndilo lililomchukiza Bi Mitamba kuliko yote. Angekuwa mwovu, angemchukia akamaliza.

Hakurudi. Walikubaliana, mbele ya wazee wa pande zote, kwamba baba ataruhusiwa kumwona mwanawe kila Jumapili, na mama mkwe atakaa mbali mpaka aitwe. Kuhusu vile viwili vilivyobaki kwenye friji, Bi Mitamba alisema havitatolewa kwa ajili ya mtu yeyote wakati yeye yu hai, na kliniki haikuweza kufanya kitu bila idhini yake.

Mume alitimiza ahadi ya Jumapili. Alikuja na maziwa na midoli, akakaa sakafuni, akambeba mtoto mgongoni, akalia kama punda mpaka mtoto akavunjika mbavu kwa kicheko. Kuna siku Bi Mitamba alimtazama kutoka jikoni akakaribia kulainika. Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika vitu, akiongea lugha yake mwenyewe siku nzima.

Jumapili moja aliingia na beseni la nguo, akamkuta mumewe amemsimamisha mtoto mgongo ukutani. Alikuwa amemwekea kitabu bapa kichwani, na kalamu yake ilikuwa inachora mstari mdogo kwenye chokaa. Mtoto alikuwa anacheka, anajaribu kukamata kalamu. Mume aligeuka akatabasamu.

"Amerefuka," alisema.

Bi Mitamba alisimama na beseni kiunoni. Mume alipoondoka, alichukua kitambaa na sabuni akaanza kuusugua ukuta.

"Wifi," alisema wifi kutoka kwenye cherehani, "kila baba hufanya hivyo. Hata sisi tulichorwa. Nyumba nzima ilikuwa mistari."

"Najua."

"Basi mwache."

"Najua," alisema tena Bi Mitamba, akaendelea kusugua, mpaka chokaa ikabanduka na udongo ukaonekana.